Siku Niliyoondoka Kabla ya Maji

Siku yangu ya kwanza kwenye mtambo wa kuchimba visima, pale Mkiwa, nilipewa kofia ngumu na amri moja. Msimamizi wa kambi, Gerevasi Lukumbi, aliniambia, "Wewe Mnyaturu, hapa mtu haondoki kabla ya maji. Ukiondoka, unaondoka nayo." Nikadhani ni utani. Kumbe wachimbaji wote waliamini hivyo. Biti, lile jino la chuma linalosaga mwamba, likishaingia ardhini, hata ufiwe utabaki hapo mpaka maji yatoke. Mimi niliishia darasa la saba, ningebisha na nani?

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, vijana. Kompresa inasukuma hewa kwenye mpira mnene, hewa inashuka na mabomba hadi kwenye biti, inarudi juu na unga wa mawe. Unga ukiwa mkavu unaendelea. Ukianza kushikana kama ugali, maji yako karibu, unamwomba Mungu. Nimeomba Manyoni, nimeomba Itigi, nimeomba Rukwa.

Kwenye maungio ya mpira hufungwa mnyororo, ili mpira ukichomoka usipige watu. Lukumbi aliutoa, akasema unachelewesha kazi. Kule Rukwa mwenzangu Hamisi, mtu wa Manyoni, aliomba ruhusa kwa sababu mkewe amejifungua. Lukumbi akamjibu, "Maji kwanza." Mchana huohuo mpira ukachomoka. Hamisi alifia palepale. Mimi nilipona, sikio la kushoto halikupona. Lukumbi akapandishwa cheo kuwa meneja wa mradi. Namtaja kwa jina kwa sababu aliyebaki wa kumtaja ni mimi.

Kambi hiyohiyo ilinikosesha posa ya binti yangu mkubwa. Kwetu baba ndiye anayewaitikia wageni wa posa. Asipokuwepo, kaka yake anakaa kwenye kiti chake. Akakaa kaka yangu Shabani. Mkwe wangu nilimwona siku ya harusi, akanipa mkono kama mwalikwa yeyote.

Kwa hiyo mwaka huu, nikiwa Mtwara, mke wangu aliponipigia simu kusema kwamba wageni wa posa ya Rehema, binti yetu wa mwisho, wanakuja nyumbani kwetu Mandewa kesho alasiri, damu ilinichemka. Biti ilikuwa ndani, unga mkavu kabisa. Nikaenda kwa Lukumbi.

"Meneja, naomba niende nyumbani. Binti anachumbiwa."

"Maji kwanza, mzee. Kaka yako si yupo?"

Alikuwa anamkumbuka mpaka kaka yangu. Nikavua kofia, nikaiweka mezani kwake.

Juma, fundi mkuu wa mtambo, alinisindikiza hadi barabarani. "Nenda, kaka. Maji yakikataa tutasema umeyabeba kwenye begi."

Basi lisingeniwahisha. Nikapanda ndege hadi Dar, na asubuhi yake nikapanda nyingine ya Dodoma. Maisha yangu yote nilikuwa nakwenda chini ya ardhi, leo naiacha. Ndege iliponyanyuka tumbo lilibaki uwanjani, nikacheka peke yangu kama mtoto. Mama mmoja kando yangu akauliza naenda wapi. Mtu wa sikio moja hajui sauti yake ikoje. Nikamjibu, "Nakwenda kupokea posa ya binti yangu," vichwa vikageuka hadi viti vya mbele.

Mzee wa nyuma yetu akasema, "Hongera, baba. Hata rubani amesikia."

Watu wakacheka. Yule mama akanitazama miguuni. "Na buti hizo?"

"Ni udongo wa Mtwara."

"Basi ubaki hukuhuku, usiende nao mbele ya wakwe." Akanipa karatasi laini. Nilisugua buti mpaka Dodoma ikaonekana.

Kutoka hapo nilipanda gari dogo. Manyoni nilitazama upande wa kwa kina Hamisi mpaka nyumba zikaisha. Baada ya hapo nilikuwa namhimiza dereva tu, hadi akaniuliza kama ninataka kuendesha mimi.

Nyumbani niliingilia mlango wa jikoni.

"Shikamoo baba. Unanuka dizeli," Rehema akasema, macho yamejaa machozi.

"Marahaba. Wewe unanuka pilau. Kiti changu kiko wapi?"

"Baba mkubwa amekikalia."

Wageni walikuwa wameshaketi, na Shabani alikuwa anasafisha koo. Aliponiona akainuka. "Kaa, mdogo wangu. Nimekupashia moto."

Mshenga akauliza kama baba wa binti yupo. Nilimjibu kwa sauti yangu ya kompresa. Wanasema ilisikika mpaka barabarani.

Kazini sikurudi tena, nalima alizeti. Nyie mnaoanza, mkiambiwa mtu haondoki kabla ya maji, mwulizeni anayesema hivyo yeye analala wapi. Lukumbi alilala hotelini, mjini, kila kisima.

Siku chache baada ya posa, Juma alinipigia. Kisima kilikuwa kimetoa maji, tena mengi. Nilimshukuru, nikakaa na simu mkononi. Hamisi angekwenda Manyoni akambeba mtoto wake, akarudi, na maji ya Rukwa yangetoka vilevile.