Mwaka Ambao Pil-sun Hakuchukua Neno

Kila alfajiri Pil-sun alivaa koti lake zito, akajizungushia skafu hadi puani, akapanda kilima kwenda kanisani kusali. Na kila alfajiri alikuwa wa mwisho kurudi. Wenzake walidhani ni bidii. "Yule mama anashindana na Mungu mieleka," walisema wakitafuta viatu vyao mlangoni, "hamwachi mpaka ambariki." Pil-sun aliwasikia, akawaacha waamini hivyo. Ukweli ni kwamba baada ya wao kuondoka hakusema na Mungu hata neno moja. Alikaa tu juu ya mto wake mwembamba wa kukalia, mikono ameificha makwapani kwa baridi, akimpisha mwanawe.

Mwanawe, Jin-uk, alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na moja, na alikuwa amejifungia chumbani. Alikwenda Seoul kusomea mtihani wa kazi za serikali, akaanguka, akarudia, akaanguka tena, mpaka majira ya baridi moja akarudi bondeni na begi moja mgongoni. "Napumzika kidogo, Mama," alisema, akafunga mlango. Hicho kidogo kilikuwa kimefika miaka mitatu. Chakula Pil-sun alikiacha kwenye trei nje ya mlango, vyombo akavikuta vitupu. Alimjua mwanawe kwa kikohozi chake, kwa kigugumizi cha kitasa, kwa mwanga chini ya mlango.

Kwa siku Jin-uk alitoka chumbani kwa saa moja tu: ile ambayo mama yake alikuwa kanisani. Pil-sun aligundua hilo kwa taulo mbichi, na kwa sufuria iliyooshwa ikageuzwa vizuri kuliko yeye alivyozoea kuigeuza. Siku moja aliwahi kurudi, akakuta mvuke bafuni na mlango wa chumba ukijibamiza. Kutoka siku hiyo akajifunza kuchelewa. Nyakati nyingine, magoti yakimuuma, alimwambia Mungu kwa hasira: Wewe na Jin-uk mmepatana. Nyote wawili mnataka nitoke nyumbani kwangu kabla ya mapambazuko.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Bonde la Sangju ni bonde la gam, matunda yenye rangi ya jua linalozama na ukakasi wa kukunja ulimi, na yeye alizaliwa kati ya miti hiyo, akaolewa kati yake, na mumewe alianguka kutoka katika mmoja wao siku ya mavuno, akafa, Jin-uk akiwa bado anavaa sare ya shule. Alimlea kwa kumenya gam za watu na zake mwenyewe, vuli baada ya vuli, vidole vikiwa vyeusi kwa utomvu mpaka Krismasi. Gam ikimenywa huning'inizwa bandani, upepo wa baridi uipige wiki baada ya wiki, mpaka ukakasi ugeuke sukari. Mchungaji Baek aliipenda sana habari hiyo. Haukupita mwaka bila kuihubiri: nasi tumening'inizwa, wapendwa, nasi tunangojea kuwa watamu.

Pil-sun alikuwa ameichoka. Vuli iliyopita mvua ya vuguvugu ilinyesha siku nyingi mfululizo, na nusu ya banda lake ikaota ukungu wa kijani. Alizishusha moja moja, akazitupa. Alipokuwa akizitupa alijiuliza swali ambalo hakuthubutu kumuuliza mchungaji: na ahadi je, nazo huota ukungu zikining'inizwa sana?

Maana alikuwa na ahadi tatu, na zote zilikuwa zimebandikwa kwenye mlango wa Jin-uk.

Kanisani kwao, asubuhi ya siku ya kwanza ya mwaka, mchungaji huleta kikapu chenye kadi zilizokunjwa, kila moja na aya ya Biblia. Kila mmoja hutumbukiza mkono, huchukua kadi yake, huisoma kwa sauti, na kanisa zima huitikia amina. Hilo ndilo neno lako la mwaka. Watu huliweka jikoni, kwenye gari, ndani ya Biblia. Mwaka wa kwanza wa mlango kufungwa, Pil-sun alipata neno kwamba Mungu hatamwacha wala hatamsahau. Alishuka kilima mbio kama msichana, akalisoma mbele ya mlango kwa sauti, akalibandika. Mwaka wa pili akapata lile la njia inayofunguliwa jangwani. Mwaka wa tatu, kwamba tusichoke, kwa kuwa mavuno yana wakati wake. Alisoma, akabandika. Ndani, kimya.

"Wifi, huo mlango sasa umekuwa ubao wa matangazo," alisema Chun-ja, mdogo wa marehemu mumewe, alipokuja kusaidia kutia chumvi kabichi. Mwanawe Chun-ja alikuwa na kazi, mke, na gari ambalo mama yake alilitaja mara nyingi kuliko alivyomtaja mke. "Ungemtoa huyo kijana kwa fimbo. Maneno amesoma ya kutosha, ndiyo yaliyomlaza."

"Fimbo yako iweke kwa wako."

"Wangu hahitaji."

"Basi iwe ya kujikunia mgongo," alisema Pil-sun, na Chun-ja akacheka mpaka chumvi ikamwagika. Lakini usiku ule Pil-sun alisimama mbele ya kadi zile tatu. Ya kwanza ilikuwa imepauka.

Ukafika mwaka mpya. Kabla ya kutoka kwenda ibadani alipika supu ya siku hiyo, ile ya vipande vyeupe vya mkate wa mchele, ambayo wote wanajua kwamba anayekula bakuli lake ameongeza mwaka mmoja wa umri. Aliweka trei mlangoni kama desturi, ingawa alijua. Miaka mitatu Jin-uk alikuwa ameirudisha supu hiyo, na hiyo peke yake, bila kuigusa. Mara ya kwanza alisema kupitia mlangoni, "Sitaki kuongeza mwaka, Mama." Mara mbili zilizofuata hakusema kitu.

Kanisa lilijaa. Chun-ja alitangulia kwenye kikapu, akapata neno la kuwa kichwa wala si mkia, akarudi kitini akipeperusha kadi yake kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Tena!" alimnong'oneza Pil-sun. "Si unaona? Mungu anaijua anwani yangu."

Pil-sun akaenda mbele. Alitumbukiza mkono, vidole vikagusa karatasi, nyingi, laini, zote zikiwa zimekunjwa kwa namna moja. Akaona jinsi atakavyoshuka kilima. Akaona atakavyosimama mbele ya mlango kusoma, na kimya kitakachomjibu. 

Akautoa mkono mtupu.

"Mama Jin-uk?" Mchungaji Baek alisogeza kikapu karibu zaidi, akidhani hakufikia.

"Mwaka huu sichukui, Mchungaji."

"Huchukui?"

"Nina tatu nyumbani hazijatimizwa. Nikichukua ya nne nitaiweka wapi? Mungu aanze na zile."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajikohoza. Mchungaji alikuwa mtu mpole. Aliinama kidogo ili wengine wasisikie. "Mama, ahadi ya Mungu haina tarehe."

"Najua. Ndiyo maana nimechoka." Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Angenipa tarehe, hata ya mbali, ningengojea nikiwa nimekaa. Hivi nangojea nimesimama, Mchungaji. Miaka mitatu nimesimama."

Hakurudi kitini. Alipita katikati ya viti, akavaa viatu vyake, akatoka. Chun-ja alimkimbilia hadi mlangoni. "Wifi! Umepagawa? Chakula cha pamoja je?"

"Kula na changu," alisema Pil-sun bila kugeuka.

Theluji nyembamba ilikuwa imeanguka. Alitembea haraka, akimlaumu Mungu, kisha mchungaji, kisha marehemu mumewe kwa kupanda mti ule wenye matawi yasiyoaminika. Hasira ilimfikisha mlangoni kwake kabla ya saa yake, na hakukumbuka kuchelewa. Akafungua.

Jin-uk alikuwa jikoni.

Alisimama mbele ya jiko, nywele zimefika mabegani, amevaa sweta la baba yake. Mfuniko wa sufuria ulikuwa mkononi mwake, na mvuke ulimfunika uso. Waliangaliana. Pil-sun hakuwa amemwona uso mzima tangu alipojifungia, na wazo la kwanza lililomjia lilikuwa la kijinga: amekonda mashavu, kama babake. Kisha mfuniko ukaanguka, na Jin-uk akampita akikimbia, akajifungia.

Trei ya asubuhi ilikuwa pale pale sakafuni. Pil-sun alikaa kando yake na koti lake likiwa limelowa.

"Nilikuwa nainusa tu," ilitoka sauti mlangoni. Ilikuwa nzito, ya mtu asiyeitumia.

"Nusa. Mtu hazeeki kwa kunusa."

"Mbona umerudi mapema?"

"Nimegombana."

"Na nani?"

"Na kikapu."

Alisikia mtu akikaa upande wa pili, mgongo ukiegemea mbao. "Umepata neno gani?"

"Sikuchukua."

"Kwa nini?" Sauti ilipanda ghafla, kama ya mtoto aliyenyang'anywa. "Kila mwaka unachukua! Kila mwaka unakuja hapa unasoma!"

"Na kila mwaka nani ananijibu? Nasomea mbao!" Pil-sun alipiga sakafu kwa kiganja. "Unajua natoka alfajiri kwa ajili ya nani? Sala yangu inaisha mapema, Jin-uk. Mungu na mimi tunamalizana haraka, hatuna jipya la kuambiana. Nakaa pale nimeganda kama samaki ili wewe uoge! Yeye alisema hataniacha. Haya, hajaniacha, lakini yuko wapi? Alisema njia. Njia gani? Kutoka chumbani hadi bafuni? Nimechoka kuamini peke yangu ndani ya nyumba ya watu wawili."

Alipokwisha kusema alishikwa na hofu. Hakuwa amewahi kusema hivyo mbele ya mtu, sembuse mbele ya mlango ule. Akangojea kitasa, akangojea kilio, akangojea radi. Maji yalidondoka kutoka kwenye skafu yake.

"Zilikuwa zinasikika," alisema Jin-uk mwishowe. "Hizo kadi. Nazijua kwa moyo. Nilidhani wewe ndiye unayeziamini, basi mimi nisubiri tu."

"Mimi nami nilidhani hivyo."

Kitu kama cheko kilisikika ndani, kikavu, kifupi. Kisha: "Supu imebaki?"

Pil-sun hakuamini masikio yake, na kwa kuwa alikuwa bado na hasira alijibu kwa hasira. "Imebaki sufuria nzima. Nani mwingine angeila?"

"Bakuli moja. Usinijazie. Siwezi kuzeeka miaka mitatu kwa siku moja."

Alikwenda kuipasha moto. Aliipakua kwa haraka, vipande vya yai vikaanguka pembeni. Aliporudi, kitasa kilifanya kigugumizi chake, na mlango ukafunguka kwa ndani, si wote, kiasi cha mtu kupitisha mguu. Kadi zote tatu zikageukia chumbani pamoja nao. Kutoka pale alipokaa hakuziona tena. Aliona goti la mwanawe, sweta lililotoboka kiwiko, mkono mweupe ukipokea bakuli.

Walikula, yeye kwenye ukumbi, Jin-uk kizingitini. Hakutoka nje. Hakumwangalia.

"Imelainika mno," alisema.

"Ilipikwa asubuhi."

Ndiyo hivi? Pil-sun alimuuliza Mungu moyoni, akitafuna. Miaka mitatu, na unaniletea goti? Hakusikia jibu, naye hakusema amina. Lakini alikula polepole kuliko kawaida, ili bakuli lisiishe kabla ya lile jingine.

Jin-uk alisukuma bakuli tupu sakafuni. "Kesho alfajiri utakwenda?"

"Unataka niende?"

Alifikiri. "Nenda," alisema, akashika ukingo wa mlango, akaanza kuusogeza. Kisha akauacha nusu. "Ila usikae sana."