Kopo la Askari

Lukumani alikuwa mtu wa pikipiki wa Butembo, mashariki ya Kongo. Miaka ile ya vita, kazi yake ilikuwa kupeleka makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu kwenye maabara ya Beni. Watu walimsifu kwa ushujaa. Ushujaa gani! Kila alipoona kamba ya bariyeri, kizuizi cha askari, imekatiza njia, midomo ilimkauka.

Siku moja askari mwembamba alimfungulisha sanduku.

"Iko nini humu?"

"Makohozi ya bagonjwa, chef. Naipeleka kupimwa."

Askari wengine waliposikia hivyo walitoka mbio. Yule mwembamba hakusogea. Alikohoa kwa muda mrefu, akawapa wenzake mgongo, akachukua kopo tupu sandukuni, akatemea ndani na kulifunga.

"Hii yangu. Utaniletea jibu."

Jibu lilipotoka Beni, lilikuwa baya. Lukumani alitamani ardhi immeze. Utamwambiaje mwenye bunduki kwamba anaumwa ugonjwa ule? Lakini barabara ya kurudi nyumbani ilikuwa hiyohiyo moja.

Alimkuta askari peke yake kwenye kamba. Hakuthubutu hata kuzima pikipiki.

"Chef, uko na ile ugonjwa," alisema. "Lakini dawa iko. Utapona."

Askari aligeuka kutazama wenzake waliokuwa wakipika kando ya njia. Akaishusha kamba mwenyewe, akamwinamia Lukumani sikioni.

"Tafazali, papa, usibaambie. Batanitupa mu pori."