Makala Yasiyo na Moshi

Nilikuwa na daftari la sheria. Nilijifunza kusoma peke yangu, nikiwa msichana, kwa katekisimu ya kaka yangu na makaratasi ya kufungia sabuni, na tangu nilipoweza kuandika sikuvumilia jambo likae kichwani bila kuliweka kwenye mstari. Ukurasa wa kwanza ulisema: Mtoto asishikwe na mafua. Chini yake ziliteremka sheria kumi na saba.

Sikuziandika kwa mchezo. Mwezi wa saba wa mwaka uliotangulia, katika nyumba hiyohiyo ya matofali, kwenye kambi ya wafanyakazi hapa Elisabethville, mtoto wetu wa kwanza alikohoa siku tatu akafa. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea. Sasa nilikuwa na msichana wa miezi saba, na baridi ilikuwa imeingia na upepo wake mkavu unaobeba vumbi jekundu na kupasua midomo. Asubuhi, kabla king'ora cha kazi hakijalia, ulisikia kikohozi kikipita nyumba kwa nyumba, mstari mzima. Niliapa kwamba huyu hatakohoa hata mara moja.

Basi nilinawa mikono kwa sabuni kila nilipotaka kumshika. Nilikunywa tangawizi na asali ili maziwa yangu yawe na nguvu. Jirani aliyepiga chafya aliishia mlangoni. Mume wangu, akitoka kwenye tanuru la shaba, alivua shati la kazi nje, akitetemeka, na ni Jumamosi tu ndipo alipolalamika, kwa kuwa Jumamosi alichoka zaidi.

Asali ililetwa na mama mkwe wangu, kutoka Mitwaba. Alikuja kumwona mjukuu, kama alivyokuja mwaka uliopita kumwona yule mwingine, akamzika pamoja nasi. Sheria zangu zilimchekesha. Yeye, jua likishapanda kidogo, alikuwa anataka kumkalisha mtoto kwenye ukuta wa jikoni, kifua wazi, aote joto.

"Hata kuku inaota jua," aliniambia. "Huyu njo anakatazwa."

"Upepo, mama."

"Upepo ulimukuta babu yake, ukamukuta baba yake. Bote balikomaa."

Nilimpokonya mtoto, kwa adabu, nikamrudisha ndani.

Kila nyumba ya kambi ilikuwa na matundu tisa juu ya kuta, karibu na mabati. Wajenzi wa kampani waliyaacha ili hewa ipite, na kila mwaka baridi ilipoingia, kambi nzima iliyaziba kwa vitambaa na magunia. Mlinzi alipita na fimbo ndefu akiyazibua. Watu walikuwa wakiziba ovyo, kitambaa kinaning'inia nje kama ulimi. Mimi niliziba vizuri. Nilipika uji mzito wa unga wa bukari, ugali wetu, nikalowesha humo magazeti ya zamani, nikayasokomeza tundu kwa tundu hadi yakajaa, kisha nikapaka chokaa juu yake. Mlinzi alipita mara mbili asione kitu. Nilijivunia kazi ile kuliko nguo yoyote niliyowahi kushona.

Mama mkwe alisimama katikati ya chumba akatazama juu.

"Sasa hewa itapita wapi, mukamwana?"

"Mafua yanakuja na hewa, mama."

"Na weye utapumua nini? Daftari?"

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Kwenye bomba la maji, mtoto wa jirani alimpigia msichana wangu chafya usoni. Niliona matone. Nilirudi nyumbani mbio, nikamwosha uso, nikamwosha tena, kisha nikafungua daftari kwenye sheria ya kumi na moja: kufukiza.

Kwetu anayefukizwa hukaa nje, kwenye kigoda, chungu cha majani ya mkaliptusi na ya mlimau mbele yake, blanketi juu ya kichwa. Niliona kwamba blanketi lingemchoma mtoto mdogo. Nikafikiri, na wakati ule nilijiona mwerevu, kwamba nyumba yote inaweza kuwa blanketi. Mama mkwe alikuwa amekwenda kufua. Niliwasha mbabula nje, ile ndoo yetu ya bati iliyotobolewa tunayopikia, nikasubiri hadi makala, makaa yetu ya miti, yote yakawa mekundu, hata moja lisifuke moshi. Moshi ulikatazwa na sheria ya tisa. Ndipo nikaiingiza ndani, nikabandika chungu juu yake, nikafunga mlango na kusokomeza gunia chini yake.

Chumba kilinukia vizuri. Mtoto alicheza na kijiko juu ya mkeka. Baada ya muda kichwa kikaanza kunigonga, nikaandika: Kichwa kinauma, mafua yamenifikia mimi. Nikaongeza makala. Mtoto aliacha kijiko, akalala kimya, na nilimtazama nikafikiri: dawa inafanya kazi.

Niliwaza hivyo kweli. Nilipotaka kusimama ili nimfunike, miguu haikuwepo.

Kilichofuata ninachokikumbuka ni mbingu. Nilikuwa nimelala chini uani, nimetapika juu ya kitenge changu, na beseni la nguo lilikuwa limepinduka, nguo safi zote kwenye vumbi. Mlango ulining'inia kwenye bawaba moja. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti, mtoto mapajani, kifua wazi kwenye ule upepo, anamsugua mgongo kwa nguvu. Uso wa mtoto ulikuwa umetulia, mzuri. Utulivu ule ndio ulionitia baridi ambayo haijanitoka mpaka leo. Mama mkwe hakupiga kelele. Alikuwa akisema taratibu, kama anayembembeleza mtu ale:

"Lia. Lia, mama. Lia sasa."

Nilijaribu kutambaa kuwafikia, nikashindwa. Alirudia sijui mara ngapi. Kisha mtoto akakohoa. Kikohozi kilekile nilichoapa hatakikohoa, akakikohoa mara tatu, halafu akalia, na mimi nikaweka uso wangu kwenye vumbi.

Tulimpeleka kwenye zahanati ya kambi, mama mkwe amembeba, mimi nyuma nikishika kuta za nyumba za watu. Muuguzi alimsikiliza kifua muda mrefu. Akatunusa, akaelewa.

"Mbabula ilikuwa mu nyumba?"

"Ilikuwa," alisema mama mkwe.

"Na matundu? Nani alifunga matundu?"

Nilifungua mdomo. Ninakumbuka vizuri kwamba niliufungua.

"Ni miye," mama mkwe akasema. "Miye muntu wa ku mugini, sikujua."

Muuguzi alimgombeza mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi, mwanamke wa umri wa mama yake. "Makala inaua hata kama haina moshi, mama. Inaharibu hewa yote. Hapa haiko ku mugini. Utamaliza bana ba bantu na hii akili ya zamani." Naye aliitikia, ndiyo, ndiyo, macho chini. Daftari lilikuwa kwapani mwangu, sheria kumi na saba kwa mwandiko wangu mzuri. Nilijiona nikinyamaza, kama unavyoona mtu mwingine akiiba.

Njiani nilimwuliza kwa nini alisema vile.

"Miye, kesho atanisahau. Weye, kila siku ya kupima bana ungekuwa yule mama wa mbabula."

Nyumbani nilipanda kigoda nikachukua mpini wa ufagio, nikaanza kubomoa. Tundu la kwanza, la pili, la tatu, baridi ikaingia usoni. La nne lilikuwa gumu. Nyuma ya gazeti langu jipya lilitoka jingine, la njano, limekauka kama ganda, na uji wa unga ulikuwa umelishika vilevile. Mkono wangu uliitambua kazi yake kabla ya kichwa. Mwaka uliopita pia niliziba. Mwaka uliopita pia, yule mtoto alipokohoa, nilitaka apate joto.

Sikuweza kushuka kwenye kigoda. Niliuliza nikiwa nimeutazama ukuta.

"Mama, mwaka jana mbabula ilikuwa ndani?"

Mtoto alikuwa akinyonya kidole chake.

"Ilikuwa. Lakini mulango ulikuwa wazi. Siku zote tatu nilikuwa naingia, natoka. Yule alikufa na kifua, nilimusikia. Usimupe kifo ingine."

Nilitaka kuamini. Lakini mwanamke huyu alikuwa amesema uongo kwa ajili yangu saa mbili tu zilizopita, bila kupepesa macho.

Siku ya kupima watoto nilimpeleka mtoto pamoja na mama mkwe. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yetu ilipofika nilimwambia muuguzi, kwa sauti ambayo wanawake wa mbele na wa nyuma waliisikia, kwamba matundu niliyaziba mimi, kwa gazeti na uji wa bukari, na kupaka chokaa. Alinitazama, akamtazama mama mkwe, akasema, "Weka mutoto ku mizani."

Mama mkwe hakufurahi. "Sasa nilitukanwa bule," alinung'unika tulipotoka.

Mwezi wa nane msichana wetu alipata mafua, kama watoto wote wa mstari wetu. Alikohoa siku tano. Alinyonya, alilala kifuani kwangu, alikalishwa ukutani kwenye jua, na upepo ukapita nyumbani mwetu kwa matundu yote tisa, nikiusikiliza. Alipona. Nilimwuliza mama mkwe tena habari za ule mlango, nikimtazama usoni safari hii.

"Ulikuwa wazi," alisema, akaendelea kumpaka mtoto mafuta kifuani.

Nimemwuliza mara nyingine nyingi. Hajawahi kubadilisha jibu, wala mimi sijaacha kuuliza.