Kidole Kichwani mwa Mfalme Nungunungu

Kidole kile kilionekana kwa muda mfupi kuliko chafya, na bado kimeandikiwa kitabu cha kurasa mia tatu. Aliyekiandikia ni Profesa. Mwenye kidole ni fundi cherehani mmoja mstaafu, anayekaa vyumba viwili nyuma ya duka la vitambaa, na mpaka mwaka huu hakuna mtu aliyewahi kumuuliza kidole chake kilikuwa kinatafuta nini pale.

Tuanze na sinema yenyewe. Fundi akiwa bado binti wa miaka ishirini na mbili, ofisi ya filamu iliamua kutengeneza sinema ya vikaragosi kutokana na kitabu ambacho kila mtoto alikuwa amesomewa: kisa cha nchi ya nyuma ya pazia, ambako Mfalme Nungunungu amepiga marufuku miayo, na msichana mmoja mwenye usingizi anaingia bila kujua sheria. Fundi aliitwa kushona nguo tu. Koti la mfalme peke yake lilikuwa na matundu mia na kumi ya kupitishia miiba, kila tundu limezungushiwa uzi kwa mkono. Baadaye ikagundulika kwamba ofisi nzima haina mtu mwenye subira ya kuvisogeza vikaragosi vyenyewe, basi wakamtwika yeye, kwa kuwa alikuwa ameshavizoea.

Kazi ile, jamani, acha tu. Unausogeza mkono wa mfalme kiasi cha unene wa uzi, unaondoa mikono yako, picha inapigwa. Unasogeza tena. Picha ishirini na nne ndiyo sekunde moja. Mfalme akitaka kujikuna sikio, mchana wote umekwenda. Palikuwa na desturi: mpiga picha anaita "Mikono!", kila mtu anarudisha yake, ndipo anabonyeza. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Mkurugenzi alipotundika ubao ukutani na kuandika kwa chaki kwamba kila siku zipatikane picha mia tatu, liwalo na liwe. Tangu hapo mpiga picha akawa mtu wa kubonyeza kwanza na kuita baadaye. Siku moja, saa ya chai imekaribia, fundi yuko anachomoa uzi uliochomoza nyuma ya ukosi wa koti la mfalme, akasikia kamera inasema ta. Ndipo mpiga picha akaita mikono. Fundi aliomba ile picha ikatwe, ipigwe nyingine. Mkurugenzi aliutazama ubao, akajibu kwamba picha iliyokwisha kuhesabiwa haifutwi, na kwamba hakuna atakayeona.

Watu wazima kweli hawakuona. Watoto waliona siku ya kwanza. Mfalme anapopanda kitini kutangaza sheria yake, chap, kidole gumba cha binadamu kinamtokea juu ya kichwa, kikubwa kuliko taji, kisha hakipo. Ukumbi mzima wa watoto ulipiga kelele kwa furaha, na tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyeitazama sinema ile kwa sababu ya kitu kingine.

Mwishoni yalipita majina. Jina la Mkurugenzi lilipita mara tatu. Dereva wake alikuwemo. Paka wa ofisi alishukuriwa. Fundi aliwekwa kwenye "na wengineo". Wahenga wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Huyu alikuwepo, na lake lilikuwepo likajaa skrini nzima, ila jina ndilo hawakuona pa kuliweka.

Hilo alilimeza. Lililomkaa kooni ni jingine. Aliolewa, akapata binti mmoja, na binti alipofika darasa la tatu sinema ikaonyeshwa shuleni. Mtoto akasimama akawaambia wenzake kwamba kidole kile ni cha mama yake. Mwalimu wa darasa akamsimamisha mbele, kipindi kizima, kwa kosa la kusema uongo. Kesho yake fundi alifunga safari hadi shuleni, akamwonyesha mwalimu kidole chake, na ukucha wenye ufa katikati, ufa ulioachwa na sindano ya cherehani alipokuwa akijifunza kazi. Mwalimu akamsikiliza kwa adabu, kisha akasema kila mtu ana kidole gumba, hata yeye anavyo viwili. Kwenye sinema yenyewe ufa hauonekani, kumejaa ukungu na mikwaruzo. Darasa likamwita mtoto Binti Kidole mpaka alipomaliza shule.

Mtoto hakugombana na mama yake. Aliacha kumwamini, basi. Alikua akawa karani mkuu kwenye ofisi ya ardhi, mtu wa mihuri, asiyekubali kwamba mvua imenyesha mpaka aione hati. Wageni wakija na fundi akianza habari za Mfalme Nungunungu, binti hutabasamu na kusema Mama huwa anatia chumvi kidogo. Anasema kwa upendo kabisa, na hicho ndicho kilichokuwa kinamuuma fundi. Tusi la mtu baki ungejua pa kuliweka. Utaufanya nini uongo unaosamehewa na mwanao kila wiki, wakati hukuusema?

Basi mwaka huu ofisi ya filamu ikatangaza kwamba sinema imesafishwa, ukungu umetolewa, na itaonyeshwa Jumamosi mchana kwa heshima ya Mkurugenzi, ambaye sasa anatembelea mkongojo na bado anapenda kuhesabiwa. Fundi hakualikwa. Alisoma tangazo kwenye gazeti alilokuwa anakatia ruwaza ya blauzi. Akamwomba binti yake ampeleke, na binti akakubali, maana ni mtoto mwenye malezi. Walikaa safu ya nyuma. Fundi alivaa gauni la kitenge na mikono yake akaifunika kwa mkoba.

Profesa alizungumza kwanza, akazungumza, akazungumza. Kidole kile, alisema, ni majaaliwa yanayoingia katika historia kutoka juu. Ni mamlaka kuonyesha kwamba nayo ina mwenye mamlaka. Mkurugenzi akavishwa kilemba cha ukoka mbele ya watu mia mbili, na wala hakujikuna. Alipopewa kipaza sauti alisema Profesa ndiye mtu wa kwanza kumwelewa. Kidole alikiweka makusudi. Na kama watu wanataka kujua ni cha nani, akasema huku akishusha sauti, basi wajue leo kwamba ni chake mwenyewe.

Ukumbi ukapiga makofi. Binti akamwinamia mama yake, akamshika goti.

"Basi, Mama," akasema taratibu. "Yamekwisha. Hakuna atakayekucheka."

Fundi alitaka kufa. Sitii chumvi: alikaa pale akatamani sakafu immeze pamoja na kiti.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na safari hii aliyeikata ni Profesa, kwa mapenzi yake ya kueleza. Sinema ilipoanza, aliomba isimamishwe pale pale kwenye kidole, watu washibe. Ikasimamishwa. Kidole kikatanda ukuta mzima, kisafi, mpaka mikunjo ya ngozi unaihesabu. Katikati ya ukucha, kuanzia juu hadi chini, ufa. Profesa akaupokea ufa kwa shangwe, akaanza kuueleza ni mgawanyiko wa nini na nini, kisha akamsihi Mkurugenzi ainue kidole chake watu waone ufa ulio hai.

Mkurugenzi akainua. Ukucha ulikuwa laini, umepigwa msasa na kinyozi asubuhi ile. Akautazama naye, kama mtu aliyepewa koti si lake. Akasema ulipona.

Hapo binti akausogeza mkoba. Akauchukua mkono wa mama yake, akakishika kidole gumba, akakisogeza karibu na macho yake kama anavyofanya na mihuri ya kutiliwa shaka. Akatazama ukutani. Akatazama tena mkononi. Kisha akasimama, mwanamke wa miaka arobaini na ushei, akauinua mkono wa mama yake juu, kama mwanafunzi anayejua jibu.

"Ni cha mama yangu," akasema. "Nilishasema darasa la tatu."

Profesa alishuka jukwaani mbio mbio na daftari lake. Akamuuliza fundi kwa unyenyekevu alikuwa amekusudia nini. Fundi akamwambia alikuwa anachomoa uzi, na mpiga picha alikuwa na haraka ya chai. Profesa akaandika neno "chai", akalipigia mistari miwili. Ngao ya heshima ya siku hiyo akapewa Mkurugenzi vilevile, kwa kuwa jina lake lilikuwa limekwisha kuchongwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawa walimpa soda.

Nje, binti alitembea hadi kona ya duka la viatu. Alikuwa bado ameshika mkono wa mama yake na machozi yamemjaa, wala hakuyafuta.

"Yule mwalimu wangu amestaafu," akasema, "lakini nyumbani kwake napajua. Kesho tunakwenda. Huo ukucha usiukate."