Nanga za Mchanga na Ng'ombe wa Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kwendea misa. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nimekulia kwenye kibanja cha migomba na kahawa upande wa Rubafu, na kazi ya kuandikiwa barua ilikuwa jambo la kuvalia viatu. Mkuu wa Kambi, mwanajeshi mstaafu kutoka Tabora, alinitazama nikihangaika kutoka lango hadi kwenye meza yake, kila hatua visigino vikizama, akasubiri mpaka nilipofika.

"Bi Koku," akasema, "vua viatu. Hapa ofisi ni mchanga."

Nilivua, na kwa miaka ishirini na sita iliyofuata sikuvaa viatu kazini isipokuwa siku za wakaguzi. Vijana wanaoanza kazi hii leo wananiomba niwaeleze tulivyoifanya zamani, nami huanzia hapo. Mtu anayetembea na viatu kambini hajui mchanga wake ukoje asubuhi, ukoje mchana, wapi umelowa na wapi umelegea. Nyayo ndizo zinazokwambia.

Kambi yenyewe ilikuwa bustani ya ufukweni, mchanga mweupe kutoka kwenye mikaratusi hadi majini, na mahema sita ya turubai zito la rangi ya majani makavu. Wageni walikuja kuogelea, kuchoma samaki na kulala hapo siku mbili tatu. Wengine walitoka Bukoba mjini, wengine Mwanza, wengine nchi ambazo sikuweza kuzitaja vizuri. Kazi yangu ilikuwa kupiga mahema, kuyashusha, kuyaanika, kuyashona yalipotoboka, na kuhakikisha hakuna mgeni anayeamka kabla hajapenda.

Mkuu wa Kambi alinifundisha kama anavyofundishwa kuruta. Kwanza mlango. Kila mgeni anataka mlango wa hema utazame ziwa, na kila mgeni amekosea. Kwetu mvua hutoka ziwani, tena alfajiri, na mlango ukitazama ziwa mvua inaingia bila kubisha hodi. Pili kamba. Wakati ule zilikuwa za katani, na katani ikilowa hukaza yenyewe hadi inang'oa kitu, kwa hiyo jioni yenye mawingu unazunguka kuzilegeza kidogo. Za nailoni za siku hizi ni kinyume, zikilowa zinalegea. Nimeona kijana mwenye cheti akilegeza nailoni jioni ya mvua, nikamwacha kwanza aone.

Nilirudi nyumbani jioni hiyo nimejaa maneno. Mama yangu alikuwa jikoni akimenya ndizi. Tulikuwa tukiishi wawili, mimi naye, na ng'ombe mmoja mwekundu aliyeitwa Bihogo.

"Hao watu hawana nyumba?" Mama akauliza.

"Wanazo, Mama."

"Zimeungua?"

"Hapana."

"Wanalala chini, nje, na nyumba wanazo." Akaweka kisu chini. "Basi nani amekufa?"

Aliuliza hivyo kwa sababu kwetu mtu mwenye akili timamu huacha kitanda chake akalala chini kwenye nyasi akiwa kwenye matanga tu. Nilipomweleza kwamba wanalipa ili walale hivyo, alicheka hadi akafuta macho kwa kanga. Kisha akasema jambo lililonikaa moyoni kuliko mafunzo yote ya Mkuu wa Kambi.

"Koku, hiyo si kazi. Unawafariji watu wasiofiwa. Maliza hiyo miezi yako mitatu ya majaribio, kisha urudi tuchume kahawa."

Tangu siku hiyo hakusema nimekwenda kazini. Alisema nimekwenda huko mchangani. Jirani akiuliza, niko huko mchangani. Padri akiuliza, niko huko mchangani. Iliniuma, nasema kweli. Nilitaka barua ya kuthibitishwa kazini, lakini zaidi ya barua nilimtaka Mama aitaje kazi yangu kwa jina lake.

Shida kubwa ya kambi yetu ilikuwa mambo. Mambo ni vile vigingi vinavyopigwa ardhini kushikilia kamba za hema. Kwenye udongo vinashika vizuri, lakini kwenye mchanga ni kama kuchomeka kijiti kwenye uji. Mkuu wa Kambi alikuwa na vya chuma, virefu, na kila adhuhuri upepo wa ziwani ulipoamka tulisikia vikichomoka kimoja kimoja. Alivipigilia upya kwa hasira ya kijeshi. Kesho yake vilichomoka tena.

Nikapata wazo, na nilijivunia sana. Kibanjani, mgomba ukishazaa unakatwa, na lile gogo lake ni zito ajabu kwa sababu limejaa maji. Nilibeba magogo hayo kichwani hadi kambini, nikayakata vipande vya urefu wa mkono, nikafunga kamba ya hema katikati ya kila kipande, nikavifukia. Kitu kama hicho tunakiita nanga, kwa kuwa hakichomekwi bali kinalala kwa ubavu chini ya mchanga na kuuacha mchanga wenyewe ukishikilie. Adhuhuri upepo ulikuja. Mahema sita yalisimama tuli.

Mkuu wa Kambi alivuta kamba moja kwa mikono miwili, haikutoka. "Umejifunzia wapi hii?"

"Kibanjani, Mkuu."

"Mkaguzi anakuja Alhamisi kutoka makao makuu. Mahema yakisimama mbele yake, nitamwomba asaini barua yako siku hiyo hiyo. Yakianguka, Bi Koku, tutaagana kwa amani."

Mkaguzi alikuja, mtu mnene, mcheshi, aliyependa maji. Saa nne asubuhi alikwisha kukagua jikoni na vyoo, akasema angependa kuogelea kabla ya chai, akaingia hema namba moja kubadili nguo. Mkuu wa Kambi na mimi tulisimama nje tumenyooka.

Hema likaanza kutembea.

Halikuanguka, lilitembea. Upande wa nyuma ulivutika, ukalegea, ukavutika tena, na nguzo ya katikati ikainama kuelekea kwenye mikaratusi. Ndani tulisikia Mkaguzi akiuliza kwa adabu kama hiyo ni kawaida. Nilikimbia kuzunguka nyuma, nikamkuta Bihogo. Upepo wa siku nne ulikuwa umefunua ncha ya nanga yangu, na ng'ombe wa Mama alikuwa ameing'ata, anaitafuna na kurudi nyuma, anaitafuna na kurudi nyuma, na kamba ikimfuata. Nilipompigia kelele alishtuka, akatoka mbio na kipande cha mgomba mdomoni. Hema lote likaenda naye hatua kumi. Mkaguzi akabaki wazi mchangani, mguu mmoja ndani ya kaptura ya kuogelea na mmoja nje.

Sitaeleza zaidi. Alikuwa mtu wa heshima zake.

Mkuu wa Kambi alimfunga Bihogo kwenye mkaratusi na kuagiza mwenye ng'ombe aitwe. Nilijua nimekwisha. Kosa lilikuwa langu, na mtu asiyetoka kwenye migomba asingeweza kulifanya. Kila asubuhi tangu nizaliwe nimeona ng'ombe wakikatiwa gogo la mgomba wale, na bado nililitazama gogo nikaona nanga.

Mama alikuja akiwa na fimbo yake ya kuchungia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga kambini. Aliwasalimia wanaume wote wawili kwa kupiga goti kidogo, kama ilivyo desturi yetu, kisha akasimama wima.

"Mama," akasema Mkuu wa Kambi, "ng'ombe wako amevunja hema la serikali."

Hema halikuwa la serikali, lakini alikuwa amekasirika.

"Tata waitu," Mama akajibu kwa sauti ya upole, na kwa Kihaya anayekuita hivyo anakupa heshima yote aliyonayo, "ng'ombe wangu ana siku nne hajala mgomba. Nimeulizia majirani nani anaiba magogo yangu. Leo amefuata chakula chake mwenyewe amekipata. Hapo mwizi ni nani?"

Wote watatu wakanitazama mimi.

Mkaguzi, akiwa sasa amevaa suruali yake, alianza kutikisika mabega. Alikuwa anacheka. Mama hakucheka. Aliinama akaokota kamba, akapima kwa macho shimo lililobaki, akaniuliza kwa Kihaya nilichokuwa nikijaribu kufanya. Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akawageukia wale wakubwa.

"Huyu ameelewa nusu," akasema. "Kitu kilale, ndiyo. Lakini si chakula. Mna magunia ya kahawa?"

Yalikuwepo mawili ya kufutia miguu. Mama alilijaza moja mchanga uliolowa, nusu tu, ili likae kama mto, akalifunga kiunoni kwa kamba, akanituma nichimbe hadi mkono wangu uzame begani. Tulililaza kwa kukingama na kamba, tukafukia, tukakanyaga. Kisha akasogea pembeni akawaambia wavute. Mkuu wa Kambi alivuta. Mkaguzi alivuta. Walivuta wote wawili pamoja hadi Mkaguzi akakaa chini, na gunia halikusogea.

"Mwajirini bibi huyu," Mkaguzi akasema akihema.

"Mimi nina kibanja," Mama akajibu. "Mchukueni huyu. Ila jioni arudi nyumbani." Akamfungua Bihogo akaondoka.

Barua yangu ilisainiwa mchana huo. Niliikimbiza nyumbani nikamsomea Mama neno kwa neno. Alisikiliza, akaniuliza kama huko mchangani wananipa chakula cha mchana.

Baadaye nilihamishiwa upande wa Muleba kwa miaka minane, kwenye kambi mpya ya ufukweni, chini ya Meneja mmoja mwanamke kutoka Arusha, mchapakazi, mkali wa usafi. Nilimpenda. Tuligombana mara moja tu, asubuhi ya msimu wa senene, wale panzi tunaowakaanga na kula. Tuliamka mahema yote yamegeuka kijani, wadudu wametanda kwenye kila turubai. Meneja aliagiza bomba la dawa.

"Meneja," nikamwambia, "ukipuliza dawa hapo, Muleba nzima haitakusamehe, na mimi nitakuwa wa kwanza."

Alinitazama kuona kama natania. Saa moja baadaye wageni walikuwa wameketi kwenye mikeka wakijifunza kunyofoa mabawa, na Meneja mwenyewe ana sahani. Kila mwaka baada ya hapo alikuwa akiniuliza tangu Septemba senene watakuja lini.

Nilirudi Rubafu nikiwa Mkuu wa Kambi. Mahema yalikuwa ya nailoni, mepesi kiasi cha kubebwa na mtoto, lakini chini ya mchanga kila moja lilishikwa na gunia la Mama. Yeye mwenyewe hakuja. Kila Krismasi nilimwalika, na kila Krismasi alinijibu, "Nikifiwa nitakuja." Jirani akiuliza niko wapi, bado nilikuwa huko mchangani.

Nilistaafu mwaka huu. Wenzangu walinipa zawadi ambayo hakuna mwingine angeifikiria, siku mbili kambini nikiwa mgeni, hema namba moja. Katika miaka yote ile sikuwa nimelala hata mara moja kwenye hema nililolipiga. Nilimweleza Mama, ambaye sasa amepita themanini, anatembelea fimbo ile ile.

"Ukiwa mgeni, nani atakuangalia?" akasema. Akafunga kanga mbili na rozari kwenye mkoba, akaja.

Nilitandika nyasi laini chini ya godoro lake, kama tunavyotandika nyumbani. Niliogopa atauliza nani amekufa. Aliziminya kwa kiganja, akasema zimekauka vizuri, akaingia kulala.

Alfajiri ilinyesha kama inavyonyesha kwetu, nusu saa, kisha ziwa likatulia. Nilipotoka nje nimevaa viatu vyangu vipya vya kustaafia, nilimkuta Mama ameshaamka. Alikuwa akizunguka mahema peku, akishika kila kamba kwa mkono wake mkavu, akiitikisa, akipita kwenye inayofuata. Kwenye hema la nne alisimama.

"Koku. Hii imelegea."

"Ni nailoni, Mama, imelowa. Vijana wakiamka wataikaza. Mimi nimestaafu juzi."

Alinigeukia kwa uso ule ule aliomtolea Mkuu wa Kambi siku ya ng'ombe.

"Humo ndani wamelala watu, na upepo unakuja. Kazi umeifanya miaka yote hii, leo unamwachia aliyelala?"

Yeye hakutambua neno alilolitaja. Alikuwa ameshaendelea na hema la tano. Mimi nilisimama pale nikilia kidogo, nimefurahi. Kisha nikavua viatu, nikapiga magoti mchangani, nikaikaza.