Misimu Miwili ya Mwalimu Cephas

Katika soko la Rodi Kopany, mwaka wa 1995, ukitaka baiskeli yako itengenezwe vizuri ulimpelekea Cephas Odero. Ukitaka itengenezwe upesi, ulimuuliza kwanza mkewe, Phelesia, kama mumewe yuko juu au yuko chini. Akiwa juu, Cephas aliitengeneza baiskeli yako, ya jirani yako, na ya mtu aliyekuwa akijipitia tu kwenda kusaga mahindi. Akiwa chini, alilala majuma matatu akitazama ukuta, na baiskeli yako ikalala pamoja naye.

Watu walicheka, naye Cephas msimu wa kucheka ulipomfikia aliwashinda wote. Lakini jambo moja hakulifanyia mzaha. Alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa la Kisabato, na kwaya hiyo aliipenda kuliko ugali. Waimbaji walikuwa ishirini na wawili, wauza samaki, washona nguo na wakulima wa viazi, wengi wao wasiojua noti hata moja. Cephas aliwafundisha kuimba kwa kutazama mkono wake. Akiinua kidole, sauti zilipanda, akikikunja, zilishuka. Siku moja alimfukuza nyigu usoni, na wanaume wa sauti ya tena wakaruka juu mpaka mbwa wa nje wakabweka.

Kazi ya kukaa na misimu yake haikuwa rahisi. Kuna mwaka aliwafundisha nyimbo kumi na tisa kwa juma moja, akiwaita kanisani hata kabla hawajakamua ng'ombe. Juma lililofuata alishindwa kunyanyua kijiko. Phelesia alikuwa akimlisha uji, akimwimbia kidogo kidogo, akijiuliza kama mtu wake atarudi.

Dawa ya kwanza Cephas aliipata kwa Bhoke, mama wa Kikuria aliyeleta magunia ya wimbi kutoka upande wa Migori kila siku ya soko. Bhoke alimkuta siku ya tano hajalala, anachonga kengele ya baiskeli ili ilie kwa sauti ya soprano.

"Wewe fundi, hulali?"

"Kulala ni ya nini, mama? Kazi ni mingi."

"Ndugu yangu alikuwa hivyo hivyo." Bhoke akachomoa kifurushi kidogo chini ya magunia. "Shika hii. Jioni, kidogo tu. Na usiniletee polisi hapa."

Ilikuwa bangi. Kanisani kwao hata chai ya majani ilitazamwa kwa jicho baya, sembuse bangi! Cephas alizunguka nyuma ya zizi la mbuzi, akavuta, akarudi ndani, akachapa usingizi hadi Phelesia akamwekea kioo puani kuhakikisha kama bado anapumua.

Tusidanganyane, ilimsaidia. Kwa miaka miwili, akianza kupanda, msokoto wa jioni ulimshusha. Akizama, ulimfanya awacheke mbuzi, na mtu anayecheka mbuzi angalau ameketi. Phelesia hakuipenda. Aliiita mboga ya Bhoke, akafua mashati kwa sabuni mara mbili ili harufu isifike kanisani, na akanyamaza, kwa sababu alikuwa amemkosa mumewe muda mrefu na sasa alikuwa naye.

Kasoro ni kwamba kidogo tu haikubaki kidogo. Msokoto mmoja ukawa miwili, miwili ikawa minne, ya asubuhi na ya jioni. Juni mwaka wa 1997 Cephas akapanda paa la kanisa na nyundo, akianza kung'oa mabati ili nyimbo zisizuiwe njiani kwenda mbinguni. Wanaume wanne walimshusha. Alikuwa anawafundisha wimbo huku wanamshusha.

Phelesia alimpeleka hospitalini Homa Bay, akalazwa. Alipotulia, muuguzi mmoja aitwaye Celestine aliketi nao na kuwaambia ugonjwa huo una jina, unaitwa bipola, unampandisha mtu na kumshusha, na haukuletwa na mapepo wala chira ya kuvunja mwiko wa ukoo. Kisha akauliza, bila kukunja uso, "Unavuta bangi?"

Phelesia akaanza kukagua dari.

"Navuta, sista. Inanipa usingizi. Hakuna mtu mwingine alinipa kitu."

"Naamini. Sasa niambie, siku ya paa ulikuwa umeacha, ama ulikuwa unavuta?"

Cephas akafikiri. "Nilikuwa navuta. Mingi."

"Basi kidogo ilikulaza, na ilipozidi ikakupandisha. Mimi siwezi kukupimia bangi, baba. Lakini tembe naweza kupima. Kunywa hizi kila siku, hiyo nyingine jaribu kuacha. Ukishindwa, usinifiche. Kuja tu uniambie."

Hakuwa amezoea kuambiwa hivyo bila kukemewa. Cephas akazipokea tembe.

Alitoka hospitalini siku tatu kabla ya makambi ya Agosti, lile juma ambalo makanisa yote ya sehemu ile hukusanyika kuomba, kusikiliza mahubiri na, tuseme ukweli, kushindana kwa kwaya. Mzee Wesley, mzee wa kanisa, mtu wa koti jeusi na maneno machache, alimngojea kwenye kibanda cha kutengenezea baiskeli.

"Cephas, ya paa tumesamehe. Lakini ukituaibisha makambini, kwaya itaenda kwa mwalimu Ondieki."

Ondieki alifundisha shule ya msingi, alikuwa na kitabu cha noti na filimbi, na ndiye aliyekuwa akifanya mazoezi na kwaya wakati Cephas amelazwa. Hakuwa mtu mbaya. Ndiyo sababu Cephas alimwogopa.

Tena kulikuwa na shida nyingine aliyoijua Phelesia peke yake. Tembe zilimtuliza kichwa, ila zilimtetemesha mikono. Kikombe cha uji kikimfikia mdomoni, nusu ilikuwa kifuani. Sista alisema mtetemo huo ungeweza kupungua baada ya muda. Makambi hayakuwa na muda.

Asubuhi ya Sabato, kwaya ikijipanga mistari, Phelesia alimkuta nyuma ya vyoo vya makambi ameshika kiberiti na msokoto mmoja uliobaki. Kiberiti kilikuwa kinacheza kwenye vidole vyake.

"Mara mbili tu, Phelesia. Mkono utulie, niimbishe, basi."

Mkewe hakumfokea. "Mkono utatulia," alisema. "Na wewe mwenyewe jioni utakuwa wapi? Nitakutafuta paa la nani?"

Cephas alitamani kumjibu kwa ukali, akakosa ukali. Akampa msokoto. Phelesia alikuwa na nguo ya kwaya isiyo na mfuko, na kengele ya kuanza ilikuwa inalia, akauchomeka ndani ya kitambaa chake cha kichwa na kukimbilia mstari wa alto. Hivyo ndivyo bangi ilivyoingia kwenye kwaya, ikaimba sauti ya pili.

Cephas akasimama mbele ya watu elfu moja, akapiga moyo konde, akainua mkono. Mkono ukatetemeka. Na waimbaji wake ishirini na wawili, waliofundishwa kufuata hata nyigu, wakatetemeka nao. Sauti zilitoka zikitikisika, soprano, alto, tena na besi, zote kwa pamoja, pumzi kwa pumzi. Cephas akaushika mkono wa kulia kwa wa kushoto ili autulize. Mtetemo ukapungua, na kwaya ikashuka ikawa inanong'ona. Akauachilia, ikafurika tena. Kina mama wa Mbita wakaanza kulia. Mhubiri mgeni akasimama bila kujijua. Wimbo ulipokwisha watu waliwaomba waurudie, wakaurudia, ukatetemeka zaidi.

Wakati wa chakula Mzee Wesley alikuja meno yote nje, jambo ambalo wengi hawakuwa wamewahi kuliona. Nyuma yake walikuwa wazee wa makanisa ya Mbita.

"Mwalimu, hawa wanauliza hiyo staili umetoa wapi. Wanataka uwafundishe."

Uongo ulikuwa pale pale, umeiva, unangoja kuchumwa tu. Angesema Nairobi, na mambo yangekwisha. Lakini Cephas aliwatazama waimbaji wake wakila, waliotetemeka kwa ajili yake bila kuuliza kwa nini, akaona vibaya kuwauza kama mtindo.

"Si staili, jaduong', mzee wangu. Ni tembe. Mimi ni mgonjwa wa kichwa. Dawa ya hospitali ndiyo inatetemesha mkono. Na kabla ya hiyo dawa, miaka miwili, nilikuwa navuta bangi ndiyo nilale. Hata leo asubuhi nilikuwa karibu."

Phelesia akafungua kitambaa, akauweka msokoto mezani kando ya maharagwe. "Ni hii," alisema. "Sikuwa na mfuko."

Jumapili baraza la kanisa likakaa. Uamuzi: Cephas aketi benchi la nyuma miezi mitatu, asiguse kwaya, Ondieki ashike nafasi yake. Cephas alikubali shingo upande, akaenda nyuma ya zizi la mbuzi na kulia kama mtoto. Hakuvuta. Alitaka sana kuvuta, na akaweka moyoni kumwambia sista hivyo hivyo.

Jumatatu asubuhi Mzee Wesley alifika kibandani akisukuma baiskeli yake. Cephas akaipindua, akazungusha magurudumu, akapima breki, akavuta cheni.

"Jaduong', hii ni nzima."

"Angalia tena."

Akaangalia tena, kwa heshima. Wesley akaketi juu ya debe na kuvua kofia.

"Niko na dada huko Magunga," alisema. "Huu ni mwaka wa nane tunamfungia kwa nyumba. Anaimba siku tatu bila kulala, halafu mwezi mzima hasemi kitu. Sisi tulisema ni mapepo. Nimemwombea mpaka magoti yakauma, Cephas." Akaigeuza kofia. "Juzi ukisema ile maneno mbele ya watu wa Mbita, nilitaka kukuuliza pale pale. Nikaona haya. Nikaenda nikakuadhibu. Huyo sista wa Homa Bay, anakaa siku gani?"

"Jumanne."

"Hiyo ni kesho."

"Ni kesho, jaduong'."

Cephas alimtazama mzee yule aliyemnyang'anya kwaya jana, akajaribu kumkasirikia, akashindwa. Akanawa mafuta mikononi na kuwaambia wateja wanne waliokuwa kwenye foleni warudi Jumatano. Wakalalamika. Akafunga kibanda hivyo hivyo, kwa sababu Magunga si karibu, na kulikuwa na mtu wa kufunguliwa mlango.