Pua ya Njano kwenye Paredi

Sijamwambia mtu hili: leo nimemwonea mwenzangu wivu kwa sababu ya pua chafu.

Madam Karimi, mwalimu anayeniazima vitabu vya hadithi, anahamishiwa shule moja huko Ishiara. Basi asubuhi nilichuma maua meupe ya lili yanayoota kando ya nduma za nyanya yangu, kule kwenye kinamasi. Nilifika shuleni na matope hadi magotini.

Darasa likaamua Mutwiri ndiye atakayempa maua hayo kwenye paredi.

"Wewe utasimama tu huko mbele kama mti," wakaniambia.

(Ni kweli. Lakini hata hivyo.)

Mutwiri, ambaye hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja, akasimama mbele ya shule nzima. Kabla ya kumpa Madam maua, akazamisha uso ndani ya ua moja na kunusa kwa madaha.

Alipoinua kichwa, pua yote ilikuwa njano kwa ule unga wa katikati!

Shule ikaangua kicheko. Nilifurahi sana, Mungu anisamehe.

Halafu Madam akatoa leso yake, akamshika kidevu, akampangusa polepole.

"Haki Mutwiri, wewe sitakusahau."

Yeye? Maua yangu, matope yangu!

Mnicheke tu. Paredi ilipoisha nilichukua ua moja lililobaki kwenye ndoo niliyobebea maua, nikasukuma pua yangu ndani hadi mwisho, kisha nikaenda kubisha mlango wa ofisi ya walimu.

"Madam," nikasema, "yale maua yametoka kwetu."